Mtoto Halali Juu ya Maboksi

Siku nilipotoboa dari ya bibi wa watu, mguu wangu wa kulia uliteremka mpaka pajani ukabaki unaning'inia chumbani kwangu mwenyewe, juu ya kitanda changu mwenyewe. Mwenye nyumba alikuwa amesimama hapo chini na birika la chai mkononi, amekuja kuangalia naendeleaje. Nilimsikia akisema neno moja la Kikantoni. Mimi huku juu, nimekaa kwenye boriti kama mtu aliyepanda punda upande, uso umejaa masizi na mavi ya panya, nikaanza kulia. Goti liliuma, lakini nililia kwa hasira. Nina hasira tangu utotoni, na hasira zangu hutoka na machozi, jambo ambalo limeniharibia ugomvi mwingi mzuri.

Nilikuwa nimepanda huko kumtafutia mwanangu nafasi ya kulala.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, mjini Guangzhou. Nilianzia Bangkok, na mambo ya kule yalipovurugika nikasogea China na wenzangu. Nilinunua nguo za watoto kwenye maduka ya jumla ya Barabara ya Zhanqian, karibu na stesheni ya treni, nikazikusanya mpaka zitoshe sehemu yangu ya kontena, nikazipeleka Dar es Salaam. Dada yangu alipokea na kuuza Kariakoo. Wafanyabiashara wengine wa kwetu walikuja kwa muda mfupi, wakakaa hotelini, wakanunua, wakaondoka. Mimi nilikuwa yule anayebaki. Nilipanga chumba cha juu katika nyumba kuukuu ya matofali ya kijivu, upande wa magharibi wa mji, kwenye uchochoro wa mawe ambao baiskeli mbili zikikutana mmoja lazima ashuke. Chini alikaa mwenye nyumba, mjane ambaye watoto wake walihamia Hong Kong. Nilimwita Apo, kama walivyomwita majirani, yaani bibi.

Chumba kilikuwa kimejaa maboksi. Kitanda chenyewe kilikuwa maboksi yaliyopangwa na godoro juu yake. Meza ilikuwa boksi. Wageni walikaa juu ya maboksi, na mengi hayakuwa yangu. Sisi watu wa kwetu tuna desturi ambayo sijaiona kwa wengine: mtu akiwa na mlango unaofungika, basi mlango ule ni wa wote. "Dada, niwekee hii mpaka kontena lifungwe." Huulizi ndani mna nini, na hukatai, maana kitu ulichokabidhiwa ni amana, na kuikataa amana ni kama kumwambia mtu humwamini Mungu wake. Kwa hiyo waliniwekea viatu, mapazia, redio, hata sinki la choo. Wakaja kuviangalia, wakavikalia, wakanywa chai yangu, wakanipa habari za Dar. Nilinung'unika kila siku. Sikujua kwamba nilikuwa naishi kwa hayo.

Binti yangu nilimwacha kwa dada yangu akiwa na miaka mitatu. Baba yake alikuwa na maisha yake Muscat na sina la kusema juu yake. Sasa mtoto alikuwa na miaka sita, na nilimjua kwa sauti. Kila Ijumaa nilikwenda kwenye duka la simu, nikaingia kwenye kile kibanda cha kioo, nikasubiri mlio ule wa mbali. Dada yangu kwa haki yake ni mama mkubwa, lakini mtoto alimwita Mama tu. Mimi aliniita Mama wa Simu. Alilisema bila ubaya wowote, kama unavyosema mama wa maandazi au mama wa jirani, ili watu wajue ni yupi. Nilicheka alipolisema mara ya kwanza. Nilipotoka kwenye kibanda nilikaa kwenye ngazi za duka lile mpaka mwenye duka akaniuliza kama naumwa.

Nikaamua aje. Mwaka uliofuata angeanza shule, na akishaanza shule ndiyo basi tena. Ningebaki mama wa simu mpaka aolewe. Nilimwambia dada nataka mtoto aje akae nami kuanzia mwanzo wa Ramadhani mpaka Idi ipite, na akinizoea tutaona la kufanya.

"Atalala wapi?" dada akauliza.

"Tutabanana."

"Mtabanana na nini? Watu wanarudi huku wananiambia unalala kwenye maboksi kama paka wa dukani. Kifua cha mtoto huyu unakijua. Vumbi kidogo tu anabanwa mpaka anageuka rangi. Na huko baridi."

"Baridi si kubwa."

"Sikiliza, mdogo wangu. Mtoto halali juu ya maboksi. Mpatie chumba kikavu, chenye joto, chenye sakafu inayoonekana. Ukishapata, mimi mwenyewe nitamkabidhi kwa watu wa kumleta. Hujapata, asikanyage."

Alinikera, maana alikuwa na haki. Nilirudi chumbani nikalala chali juu ya nguo za watoto wa watu nikitazama juu. Dari ilikuwa ya fito za mianzi zilizopakwa chokaa, ina doa la unyevu la rangi ya chai. Kwenye kona palikuwa na tundu la mraba lililofunikwa kwa ubao. Juu ya tundu lile kulikuwa na nafasi yote iliyo chini ya paa, tupu, na sikuwahi kuifikiria.

Apo hakukataa nilipomwomba niyahamishie maboksi huko juu. Alisema kitu kimoja tu, kwa Kichina chake na vidole: lazima siku ifae. Akafungua kitabu chake cha kalenda, akavaa miwani, akanionyesha kwamba wiki ile yote haifai kugusa paa. Nilitaka kucheka. Kisha nikakumbuka kwetu Tanga, baba yangu, fundi seremala anayejua kazi yake, haanzi kuezeka mpaka mzee wa msikitini aangalie nyota. Nikasubiri siku ya Apo.

Na siku ilipofika, mimi ndiye niliyeharibu. Nyumba niliyozaliwa ilikuwa na dari ya kizamani ya pwani, boriti za mikoko zilizokaribiana, mawe na chokaa juu yake, unene wa mkono mzima. Juu ya dari ile tulianika karafuu, tulicheza, watu walikesha kwenye harusi. Kwangu mimi dari ni kitu cha kukanyaga. Nilipoingiza kichwa kwenye tundu nikaona boriti nyembamba za mbao, na katikati yake sakafu nyeupe iliyotulia, nikasema alhamdulillah, nusu ya kazi imeshafanyika. Nikakanyaga ile nyeupe kwa imani yote. Hakuna mtu wa Guangzhou ambaye angefanya hivyo.

Apo hakunifukuza. Alinisaidia kuuchomoa mguu, akanipaka mafuta makali gotini yanayonuka kama mnanaa, akatazama tundu jipya kwenye dari yake, akacheka mpaka akashika ukuta. Sijui kama alikuwa amecheka hivyo tangu mumewe afe. Baadaye aliniitia fundi wa mbao wa mtaa wa pili, mtu mfupi anayevuta sigara bila kuitoa mdomoni.

Fundi alichonieleza nilikielewa bila lugha, maana nimekulia kwenye karakana. Aligonga boriti moja ya zamani, akaweka vidole vyake viwili kuonyesha unene wake, akatikisa kichwa. Zile ziliwekwa kubeba dari peke yake. Ukizipa mzigo zitapinda, chokaa itapasuka, na siku moja vyote vitakulalia. Kwa hiyo tulileta mbao nene mpya, tukazilaza kutoka ukuta mpaka ukuta kando ya zile za zamani, ncha zake zikakaa juu ya matofali yenyewe, na tukaziinua kidogo zisiguse dari. Uzito wote ungekwenda ukutani. Boriti za zamani zingebaki na kazi yao ya zamani. Fundi alinifungia mbao zile kwa skrubu ndefu, akaniambia kwa ishara nisipige nyundo juu ya dari ile hata siku moja, akachukua ujira wake akaondoka. Yaliyobaki niliyafanya mwenyewe.

Kwanza nilisafisha. Dada alisema vumbi, na mle darini kulikuwa na vumbi la kuzikia. Nililala kifudifudi juu ya ubao uliokalia boriti, kwa sababu nilikuwa nimejifunza, nikafagia kwa brashi ndogo na kuteremsha taka kwa ndoo. Nilikuta kizimba cha ndege cha mianzi, kizuri, kimevunjika mlango. Nilipomteremshia Apo alikishika kwa mikono miwili. Alikipangusa, akanirudishia, akaonyesha juu. Na yeye alikuwa ananiambia niwekee.

Kisha nyaya. Waya wa taa yangu ulipita huko juu, wa zamani, ngozi yake imepasukapasuka kama kisigino cha mtu asiyejipaka mafuta. Nikaita mtu wa umeme akaweka mpya, nikampa kazi ya kuupitisha juu, ubavuni mwa mbao, usizikwe chini ya chochote, kwa sababu waya uliofunikwa hupata joto na hauna wa kumlalamikia. Nikaziba nyufa zote za dari kwa chokaa, pamoja na tundu la mguu wangu, ambalo kiraka chake kilibaki cheupe kuliko pengine na Apo alikionyesha kila mgeni wake.

Halafu ikaja ile sufi ya kioo. Ni nyuzi za kioo zilizosokotwa zikawa laini kama sufi ya mto, huuzwa kwa mikunjo, na haishiki moto, ndiyo maana niliichagua. Ukiilaza katikati ya boriti, jua la vigae haliteremki, na joto la chumba halipandi likatoroka. Lakini inawasha kama upupu. Sikuwa na nguo ya kazi, basi nikavaa buibui langu kuukuu, nikajifunga mtandio puani, soksi mikononi, nikapanda. Apo aliniita chini niwasalimie jirani zake wawili hivyo nilivyo, wakatazama wakaondoka wakishikana mikono. Buibui lile nililitupa. Mikono iliendelea kuwasha hata nilipokuwa nachagua magauni Zhanqian, na muuzaji mmoja akanisogezea sanduku la nguo mbali kidogo.

Kilichonishinda nguvu ni pale paa linapokutana na ukuta. Palikuwa na upenyo mwembamba, hewa inapita, na mimi kichwani nina kifua cha mtoto na baridi ya dada. Nilitaka kuukandika wote nimalize. Nilikuwa nimeshaanza kujaza sufi pale nilipokumbuka zile wiki za mwanzo wa masika ya Guangzhou, upepo wa kusini unaporudi na kuta zinatoka jasho, na suruali zangu mwaka uliopita zilivyoota ukungu ndani ya maboksi yaliyofungwa vizuri sana. Nikaitoa. Nikaacha upenyo upumue, nikauwekea wavu wa panya. Juu ya mbao nene nikapanga mbao za sakafu, sufi ikabaki chini yake bila kukandamizwa. Nikatengeneza ngazi yenye kulabu mbili za kuishikiza kwenye tundu isiteleze.

Kitu cha kwanza kukaa juu ya sakafu ile kilikuwa kizimba cha ndege. Kisha nikapandisha maboksi ya nguo za watoto, moja moja, mepesi, nikayapanga karibu na kuta. Katikati nikaacha wazi. Nilijiwekea sheria: hapandi mtu na mzigo mgongoni, hakipandi kitu nisichoweza kukiinua peke yangu, na moto haupandi kabisa. Wenye amana nikawaomba waje wachukue vitu vyao. Walishangaa kidogo, lakini kontena lilikuwa linafungwa na wakachukua.

Chini kikabaki chumba. Nilinunua kitanda cha chuma na godoro jipya. Nilifagia sakafu, mbao zake nyekundu zikaonekana, nikakaa katikati yake kama mgeni. Nilipokohoa, chumba kilinijibu.

Nilimpigia dada. Aliniuliza maswali yote, kuhusu vumbi, joto, sakafu. Mwishoni akasema, "Haya. Atakuja na watu wanaosafiri mapema Ramadhani." Akaongeza kwa sauti ya chini, "Mtunze." Nilitembea nikaenda mpaka mtoni kwa furaha, sina wa kumwambia.

Wiki ile ile akaja mama mmoja wa Kizanzibari, mfanyabiashara wa vitambaa vya harusi. Ndiye aliyekuwa mgeni wangu wa mara kwa mara kuliko wote. Alikuwa mnene, mwenye maneno, anakaa juu ya boksi langu kubwa saa nzima akinieleza arusi za watu nisiowajua. Alikuja na mchukuzi na robota la vitambaa alivyonunua ng'ambo ya mto, Kangle huko, robota zito, limekazwa kwa kamba.

"Shoga, niwekee," akasema, ameshaingiza nusu ya robota mlangoni. "Kontena la hili ni mpaka baada ya mwaka mpya wao. Hotelini hapana pa kuweka mguu."

Darini lisingepanda. Lilikuwa zito kwa tundu, zito kwa ngazi, na mzigo wa namna ile ukikaa mahali pamoja ndio unaopinda mbao. Lingekaa chini, pembeni ya kitanda cha mtoto. Na likikaa hilo, kesho litakuja la mwingine, na keshokutwa mtoto amelala juu ya maboksi. Ningeweza kumweleza hayo. Ningeweza kumkaribisha chai kwanza. Badala yake hasira zikanipanda, sijui za nini, labda za kuona lile robota likiburuta vumbi kwenye sakafu yangu, na nikatoa neno ambalo wauzaji wa Zhanqian hututupia bila kuinua macho kwenye bakuli la tambi.

"Meiyou."

Hakuna. Kila mmoja wetu analijua neno lile. Unauliza saizi, meiyou. Unauliza rangi, meiyou. Unatembea mlango hata mlango unakula meiyou siku nzima, halafu jioni unakutana na wenzako mnalicheka.

Yule mama alinitazama. "Mie ndo waniambia meiyou?" akasema. "Shoga, kumbe ushakuwa Mchina." Akamgeuza mchukuzi, wakateremka. Nililisikia robota likigonga kila ngazi.

Habari zilifika kila hoteli kabla ya Ijumaa. Hakuna aliyenigombeza. Waliacha kuja tu. Nilipokutana nao kwenye maduka walinisalimia vizuri, wakaniuliza hali, wakaendelea na safari zao. Sikuwahi kujua kwamba chai yangu ilinyweka kwa sababu ya maboksi. Chumba kilikuwa kikavu, chenye joto, chenye sakafu inayoonekana, na jioni za mwanzo wa Ramadhani nilifuturu ndani yake nikitazama kiraka cheupe cha dari. Nilikuwa mpweke. Sina neno zuri zaidi la kulisema. Nilikuwa mpweke hata nikafurahi siku Apo alipopanda kuniuliza mbona sili mchana, nikamweleza kwa ishara mara nyingi zaidi ya zilizohitajika.

Mtoto alifika uwanja wa ndege wa Baiyun na mke na mume wa Kariakoo waliopitia Bangkok. Alikuwa mrefu. Gauni nililomchagulia, kutoka kwenye dazeni zangu mwenyewe, lilikuwa la mtoto mdogo kuliko yeye. Mimi ninayejua saizi za watoto wa nchi nzima.

"Shikamoo, Mama wa Simu," akasema, akajificha nyuma ya buibui la yule mama aliyemleta.

"Marahaba," nikasema. Sikuthubutu kumshika kwanza.

Kifua chake hakikubanwa hata siku moja. Hilo nililisema kwa fahari kila Ijumaa kwenye kibanda cha kioo. Nje baridi yenye unyevu iliingia mifupani, lakini chumba kilitunza joto, na alilala kwenye kitanda chake cha chuma na chupa ya maji moto miguuni, amenyooka, kimya, kama mtoto aliyelazwa nyumba ya ugenini. Aliniitikia kila nilichomwambia. Alikula. Alinikunjia nguo. Hakunizoea. Mchana aliketi dirishani akiangalia baiskeli, na siku moja akaniuliza, "Huku watu hawapigi hodi?"

Nikamwambia watu wana kazi.

Kwa dada yangu watu wanapiga hodi tangu alfajiri. Muuza samaki, jirani wa chumvi, watoto wa chuoni, mdeni, mwenye msiba. Hakuwahi kukaa chumba ambacho hakiingii mtu. Nilimtengenezea kila kitu dada alichosema, na dada hakusema hili kwa sababu kwake halina haja ya kusemwa.

Mwaka ule Idi iliangukiana na mwaka mpya wa Wachina. Mji ulifungwa wote. Maduka ya Zhanqian yaliteremsha milango ya chuma, vibarua wakarudi mikoani kwao, Apo akachukuliwa na mwanawe kwenda Hong Kong. Kabla ya kuondoka alimpa mtoto bahasha nyekundu na machungwa madogo, akamwonyesha kizimba chake kule juu kwenye tundu la dari, akimwachia amlindie. Tulibaki sisi wawili ndani ya nyumba nzima.

Asubuhi ya Idi nilimvalisha gauni jipya, saizi yake, tukaenda kuswali kwenye msikiti wa zamani. Baada ya swala mtoto akasimama uani, mkono tayari, macho yanang'aa kwa mara ya kwanza tangu aje.

"Sasa tunaanzia nyumba gani?" akauliza.

"Nyumba gani ya nini?"

"Ya mkono wa Idi. Tunakwenda kwa nani?"

Nilizipitia nyumba zote za Guangzhou kichwani. Kabla sijajibu, tulisikia upande wa pili wa ua sauti ya Kizanzibari ikimlalamikia mtu kuhusu viatu vilivyokanyagwa. Alikuwa yeye, mama wa vitambaa, kanipa mgongo, na nilijua kwamba ameshaniona.

"Yule si mtu wetu?" mtoto akasema.

"Ni mtu wetu."

Alikwenda mbio. Nilimwona akimvuta buibui, akimsalimu, akiukinga mkono. Yule mama alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akafungua mkoba wake. Alimpa pesa, akambusu kipajini, akamwita "mjukuu wangu." Ikabidi nivuke ua. Ulikuwa ua mdogo na nilitembea kama ninayekanyaga boriti.

"Idi mubarak," nikasema. Akaitikia. Nikatafuta maneno mazuri ya kuomba radhi na hayakuja, kwa hiyo nikauliza, "Lile robota lako unalo bado?"

"Linanibana miguu hotelini. Kwani kuna nini?"

"Nafasi ipo."

"Ipo wapi? Si ilikuwa meiyou?"

"Ilikuwa meiyou. Sasa ipo."

Akaniangalia sana. Halafu akacheka kile kicheko chake chote, mpaka mabibi wa Kichina wakageuka.

Tulilipandisha robota sisi watatu, mtoto akisukuma kwa chini na kutoa amri. Darini halikwenda, sheria ni sheria. Tulilikalisha pembeni ya kitanda cha chuma, na mgeni wangu akalikalia kabla halijatulia. Nilikuwa nimepika tambi za Idi kwa tambi za Kichina, zikawa gundi. Alizila akizisema vibaya kijiko baada ya kijiko. Alimweleza mtoto arusi za watu asiowajua, akataka aonyeshwe kiraka cha mguu wangu, akamweleza mtoto jinsi nilivyoning'inia, kwa ishara, ingawa hakuwepo. Mtoto alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Jioni mgeni alipoaga, mtoto alikataa kitanda. Alipanda juu ya robota, akajikunja kwenye shimo la joto lililoachwa na makalio ya yule mama, akalala hapo hapo na gauni lake la Idi. Nilimfunika nikamwacha.

Ijumaa tulikwenda kwenye duka la simu.

"Kifua?" dada akauliza.

"Kizima."

"Analala wapi?"

Sikutaka kumdanganya, wala sikutaka kujibu. Nikampa mtoto mkonga wa simu. Aliushika kwa mikono miwili, akajisogeza kwenye paja langu apate kuufikia vizuri, akaanza kumwaga habari zote, robota, tambi, kizimba cha ndege, Mama alivyotoboa nyumba ya watu. Alisema Mama, na alikuwa ananizungumzia mimi. Kisha akakumbuka adabu yake, akaikatisha habari katikati.

"Nilisahau kukuamkia," akasema. "Shikamoo, Mama wa Simu."

Upande wa pili hakukujibu mtu. Kimya kile nilikijua vizuri; nilikuwa nimekaa nacho miaka mitatu kwenye kibanda hiki hiki na vingine vya kabla yake. Nilimsogelea mtoto, nikaweka mdomo karibu na mkonga bila kumnyang'anya.

"Dada," nikasema. "Itikia. Yupo hapa anakusikiliza."